Vinia kwa Mwenye Implanti: Hesabu ya Mkazi wa Kabondo

Mtu mwenye implanti kwenye meno ya mbele akiuliza bei ya vinia, mara nyingi hutajiwa bei ya jino moja, kisha mwenyewe huizidisha kwa sita au kwa nane. Hesabu hiyo itampotosha. Jino lililo juu ya implanti halivishwi vinia kama mengine. Dawa ya kung'arisha meno hailibadilishi rangi, na hata meno jirani yakisogezwa kwa nyaya, lenyewe linabaki palepale. Bei ya kazi yake yote inaanzia kwenye jino hilo moja.

Makala hii inamlenga mkazi wa Kabondo, mojawapo ya komini sita za Kisangani, pamoja na majirani zake wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Lubunga na komini ya Kisangani yenyewe. Tuseme alipoteza jino la mbele kwenye ajali ya pikipiki, akawekewa implanti safarini Kinshasa, Kampala, India au Ubelgiji, kisha akarudi nyumbani. Miaka imepita. Meno ya pembeni yamegeuka manjano, moja limemeguka ncha, na lile la implanti linaonekana geni katikati ya wenzake. Sasa kuna harusi mbele, au kazi mpya ya kukutana na watu, na amesikia habari za vinia, ambazo madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa huziita faseti. Ana njia gani, na kila njia itamgharimu nini hadi mwisho wake?

Kwa nini implanti haivai vinia

Vinia ni ganda jembamba linalogandishwa upande wa mbele wa jino. Ya kauri huwa na unene wa karibu milimita 0.3 hadi 0.7. Daktari Charles Pincus alizitengeneza kwa ajili ya waigizaji wa Hollywood katika miaka ya 1930, akizibandika kwa muda tu wakati wa kupiga filamu, kwa sababu hakukuwa na gundi ya kuzishika. Mlango ulifunguka mwaka 1955, Michael Buonocore alipoonyesha kwamba ukipaka asidi kwenye enameli, yaani lile tabaka gumu la nje la jino, uso wake unakwaruzika na resini inapata pa kushika. Katika miaka ya 1980 watafiti wakapata namna ya kuikwaruza kauri nayo kwa asidi, na tangu hapo vinia za kudumu zikawezekana. Nguvu yote ya vinia inatokana na enameli. Penye enameli nyingi hudumu, na enameli ikiwa imekwisha, hubanduka mapema.

Implanti haina enameli. Ni skrubu ya titani iliyozikwa kwenye mfupa wa taya, kazi iliyoanzishwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Juu ya skrubu kuna kiunganishi, na juu ya kiunganishi kuna kofia ya kauri au zirkonia, ambayo ndiyo jino unaloliona kwenye kioo. Ukitaka jino hilo lifanane na vinia mpya za jirani, njia ya uhakika ni kutengeneza kofia mpya. Wapo wanaokwaruza kofia ya zamani na kuipaka resini juu yake, na hilo linafaa kama kiraka cha muda, lakini resini haishiki hapo kama inavyoshika kwenye enameli.

Tofauti nyingine haionekani kwa macho. Jino la asili ni kama mtumbwi uliofungwa kwa kamba ukingoni mwa mto: wimbi likija, unasogea kidogo. Jino hilo limezungukwa na nyuzi laini zinazoliruhusu kubonyea kidogo sana unapotafuna. Implanti imeshikana na mfupa moja kwa moja, haibonyei. Daktari asipopima vizuri jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana, kofia ya implanti au vinia iliyo mkabala nayo itapokea mzigo wote na kupasuka. Tena, meno ya mtu mzima huendelea kusogea polepole kadiri umri unavyokwenda, na implanti inabaki ilipo. Ndiyo maana baada ya miaka kumi au kumi na mitano jino la implanti linaweza kuonekana fupi kuliko jirani zake bila kosa la mtu yeyote.

Usiulize bei kabla ya kujua haya manne

La kwanza ni kadi ya implanti. Kila kampuni, iwe Straumann ya Uswisi, Nobel Biocare au Osstem ya Korea, ina viunganishi vyake na bisibisi zake. Daktari wa Kisangani asiyejua jina na kipenyo cha implanti yako hawezi kuagiza kifaa sahihi, na kukisia ni hatari. Kama hukupewa kadi, mwandikie aliyekuwekea na uombe jina la kampuni, aina, kipenyo, urefu na tarehe. Ujumbe wa WhatsApp hauna gharama, lakini jibu lake linaweza kukuokolea mamia ya dola.

La pili ni namna kofia ilivyofungwa. Ikiwa imefungwa kwa skrubu, kuna tundu dogo lililozibwa kwa nyuma. Daktari atalizibua, atafungua kofia, na anaweza kuirudisha au kuibadilisha. Ikiwa imegandishwa kwa simenti, kuitoa mara nyingi ni kuikata, kwa hiyo ukianza safari hiyo hesabu kofia mpya kama gharama ya lazima. Simenti ikibaki chini ya ufizi huleta pia uvimbe unaoweza kula mfupa unaoizunguka implanti, basi hapo papimwe kwa makini.

La tatu ni afya ya fizi na mfupa. Picha ya eksirei ya implanti, ikilinganishwa na ile ya mwaka ulipowekewa ikiwa unayo, itaonyesha kama mfupa umeshuka. Ufizi unaotoka damu ukiguswa, harufu mbaya au usaha ni dalili za kusimamisha kila mpango wa urembo hadi patibiwe. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa na mvutaji wa sigara wako kwenye hatari zaidi, na daktari anapaswa kuwauliza.

La nne ni usagaji wa meno usingizini. Mwenzako wa chumbani anaweza kukuambia. Ncha za meno zilizolika na kuwa bapa ni ushahidi. Msagaji anaweza kuwekewa vinia, ila aongeze kwenye bajeti kinga ya usiku ya plastiki ngumu na aivae kila siku. Asipoivaa, kauri itamegeka.

Njia tano, kutoka nafuu hadi ghali

*Kusafisha na kung'arisha tu.* Watu wengi huiruka njia hii, ingawa ndiyo inayomaliza kesi nyingi. Kofia ya implanti ilitengenezwa ifanane na meno yako ya siku ile, na meno ya asili yamezidi kuwa ya manjano tangu hapo. Kwa hiyo kofia inaweza kuwa ndiyo nyeupe na meno ndiyo yaliyofifia. Daktari akisafisha ukoga mgumu na madoa, kisha akakupa trei na jeli ya kung'arisha ya kutumia nyumbani usiku kwa wiki mbili au tatu, meno yanaweza kuikaribia rangi ya kofia na hamu ya vinia ikaisha. Hakuna jino lililochongwa. Kasoro yake ni kwamba rangi hurudi nyuma polepole, na meno yaliyomeguka au yaliyopinda yanabaki hivyohivyo.

*Kubadilisha kofia ya implanti peke yake.* Ikiwa meno mengine yanakuridhisha na jino la implanti ndilo linaloharibu picha, kwa mfano kofia ina ukingo wa kijivu au imeonekana fupi, tengeneza kofia moja tu. Ufizi mwembamba huweza kuonyesha weusi wa titani. Kiunganishi cha zirkonia hupunguza tatizo hilo. Ng'arisha kwanza kama una nia ya kung'arisha, kwa sababu kofia ikishatengenezwa haibadiliki rangi tena.

*Vinia za resini.* Daktari huzijenga kwa mkono juu ya jino, mara nyingi kwa siku moja, akitumia resini ileile inayozibia matundu. Jino huchongwa kidogo sana au halichongwi kabisa. Bei yake ni ndogo na maabara haihitajiki. Hudumu kwa kawaida miaka 5 hadi 7, hushika madoa ya kahawa, chai, tumbaku na makasu (kola), na huhitaji kusuguliwa upya zing'ae mara kwa mara. Faida yake kubwa kwa mtu wa Kabondo ni kwamba ikimeguka, daktari yeyote mwenye resini na taa ya kuigandisha anaweza kuikarabati siku hiyohiyo.

*Vinia za kauri pamoja na kofia mpya ya implanti.* Hii ndiyo kazi kamili. Jino huchongwa sehemu ya milimita, nakala ya meno huchukuliwa, maabara hutengeneza. Kauri haishiki madoa, ina mng'ao wa jino halisi, na hudumu kwa kawaida miaka 10 hadi 15, mara nyingine zaidi. Sharti lake ni moja: vinia na kofia ya implanti zitoke kwa fundi mmoja, kwa wakati mmoja. Ukitengeneza vinia leo kwa fundi huyu na kofia mwakani kwa yule, rangi hazitakutana, na tofauti itaonekana kwenye kila picha ya harusi.

*Kuvisha kofia meno yote.* Hiki ndicho kifurushi cha siku tano kinachotangazwa sana mtandaoni kwa wasafiri wa Istanbul na Antalya. Tangazo linasema vinia, ila kinachofanyika mara nyingi ni kofia kamili. Tofauti si ndogo. Utafiti wa Edelhoff na Sorensen wa mwaka 2002 ulipima kwamba vinia huondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino inayoonekana, na kofia kamili za kauri huondoa asilimia 63 hadi 72. Jino zima likichongwa kiasi hicho, neva inaweza kufa, na kofia itabidi ibadilishwe maisha yote. Kwa meno yenye afya, njia hii iache. Kwa jino lililooza sana au lililotibiwa mzizi, kofia ni tiba halali, lakini iamuliwe jino kwa jino.

Kuna pia maganda ya plastiki ya kuvaa na kuvua yanayouzwa mtandaoni, na watu wasio madaktari wanaobandika vinia saluni au nyumbani. Mwenye implanti asiwaguse. Gundi wanayoacha kwenye ufizi na uchafu unaonasa chini ya ganda ni chanzo cha ugonjwa wa kuizunguka implanti, na hawana eksirei ya kuuona ukianza.

Hesabu ya miaka 15

Bei za kazi hizi katika miji yetu hutajwa kwa dola na hutofautiana kutoka mlango hadi mlango. Kwa kulinganisha, nchini Marekani vinia moja ya kauri hutajwa kati ya karibu dola 900 na 2,500, na ya resini kati ya karibu 250 na 1,500. Afrika Mashariki na India bei ziko chini sana kuliko hizo. Namba ninazotumia hapa chini ni za mfano wa hesabu tu. Si bei za kliniki yoyote. Chukua kalamu, weka zile ulizotajiwa wewe.

Tuseme meno sita ya mbele ya juu, moja likiwa la implanti. Uchunguzi na picha dola 50. Kusafisha na kung'arisha dola 100. Kofia mpya ya implanti dola 400. Resini dola 80 kwa jino. Kauri dola 300 kwa jino. Safari ya kwenda mji mwingine kwa ndege na kurudi dola 400, na kulala na kula kwa siku 20 dola 400 nyingine.

- Kung'arisha tu: 50 + 100 = dola 150.
- Kung'arisha na kofia mpya: dola 550.
- Kung'arisha na resini kwa meno matano, kofia ya zamani ikibaki: dola 550.
- Kung'arisha, resini kwa meno matano na kofia mpya: dola 950.
- Kung'arisha, kauri kwa meno matano na kofia mpya, bila safari: dola 2,050.
- Kazi hiyohiyo ukiwa safarini: dola 2,850.

Sasa ongeza muda. Resini ya meno matano ni dola 400. Ukiirudia kila baada ya miaka mitano, katika miaka 15 utalipa mara tatu, yaani dola 1,200. Ongeza kuisugua upya ing'ae kila mwaka kwa dola 20, jumla 300. Unafika dola 1,500. Kauri ya meno matano ni dola 1,500 tangu mwanzo. Kwa hesabu hii, resini na kauri zinakutana.

Nauli ndiyo inayozitenganisha. Kama kauri inakulazimu kusafiri, ongeza dola 800 mwanzoni. Vinia moja ikimeguka mwaka wa nne na aliyeitengeneza yuko Kampala, utalipa safari nyingine kwa ajili ya jino moja, hata ikiwa yeye mwenyewe atakurekebishia bure. Dhamana ya miaka mitano iliyoandikwa kwenye karatasi ya kliniki ya mbali haina thamani ya nauli ya kuifuata.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu ya bei haionyeshi. Resini iliyowekwa bila kuchonga inaweza kuondolewa na jino likabaki kama lilivyokuwa. Kauri iliyohitaji kuchonga ni uamuzi wa maisha: enameli haioti tena. Mwenye miaka 25 anayeanza na kauri ataibadilisha pengine mara tatu au nne kabla ya uzee.

Kisangani, Kinshasa au nje ya nchi

Kisangani ndipo pa kuanzia, bila kujali utamalizia wapi. Uchunguzi, eksirei, tiba ya fizi, kusafisha na kung'arisha havina sababu ya kupanda ndege. Resini nayo hufanyika popote penye daktari mwenye mkono mzuri na umeme usiokatika katikati ya kazi. Muulize kama ana jenereta au betri, maana taa ya kugandisha na kompresa havisubiri umeme urudi. Omba kuona picha za wagonjwa wake wa resini baada ya mwaka mmoja au miwili, si za siku ya kwanza.

Kinshasa ina Kitivo cha Udaktari wa Meno cha Chuo Kikuu cha Kinshasa, madaktari wengi zaidi na maabara za meno. Kwa kofia ya implanti na kauri, ndiyo chaguo la kwanza la ndani ya nchi. Kutoka Bangoka, uwanja wa ndege wa Kisangani, ni ndege. Kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700, na hakuna anayepanga miadi ya daktari wa meno kwa kalenda ya boti za mizigo.

Lakini si lazima mgonjwa ndiye asafiri. Daktari wa Kisangani anaweza kuchukua nakala ya meno na kuituma maabara ya Kinshasa kwa ndege, kisha akapokea vinia na kofia na kuzigandisha hapahapa. Kwenye njia hii kuna jambo moja la kuuliza: nakala itachukuliwa kwa nini? Alginati, ile rojo ya unga na maji, hunywea haraka na lazima imwagiwe plasta mara moja; ukiituma kama ilivyo itafika imepotoka, na vinia hazitakaa. Silikoni hushika umbo lake kwa siku nyingi. Pamoja na nakala zitumwe picha za uso na meno zilizopigwa kwa mwanga wa mchana, kipande cha kupimia rangi kikiwa kando ya jino, ili fundi asikisie. Kwa mfano wetu, njia hii inakuondolea karibu zile dola 800 zote za safari.

Kampala na Nairobi zina madaktari waliobobea na maabara nzuri. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kenya iliwaondolea Wakongomani viza mwaka 2023, kwa hiyo karatasi zimepungua. Barabara haijapungua ugumu: njia ya taifa namba 4 kupitia Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda hadi Beni na Kasindi inapita maeneo ambayo usalama wake hubadilika kila wiki, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 mji huo ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23. Usihatarishe maisha kwa ajili ya meno. Kama una safari nyingine ya kwenda huko, ya biashara au ya kumwona ndugu, basi iunganishe. India na Uturuki zina maana kwa mtu anayekwenda kwa tiba nyingine, au ambaye implanti yenyewe ina tatizo na aliyeiweka yuko huko.

Mpangilio unaookoa pesa

Kwa mwenye implanti, mpangilio mbaya ndio unaokula fedha kuliko bei mbaya. Hatua zifuatane hivi.

Tibu fizi na matundu kwanza. Ikiwa implanti ni mpya, subiri mfupa ushikane nayo, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita, na ufizi utulie. Kama meno yamepinda sana, yanyooshwe kwa nyaya kabla ya kitu chochote. Implanti haitasogea, hivyo meno mengine ndiyo yatakayoifuata.

Kisha ng'arisha, na baada ya kumaliza subiri kama wiki mbili. Wakati huo rangi inatulia, na ile oksijeni iliyobaki kwenye enameli, ambayo hudhoofisha gundi, inatoka. Hapo tu ndipo rangi ya mwisho ichaguliwe, mwanzoni mwa miadi kabla meno hayajakauka, kwa sababu jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo.

Halafu omba jaribio. Fundi hutengeneza umbo la meno mapya kwa nta juu ya plasta, na daktari hulihamishia mdomoni kwa resini ya muda bila kuchonga. Zungumza nayo, cheka, jipige picha, mwonyeshe mama au mke au mume nyumbani. Mtu akikataa kukufanyia jaribio kabla ya kuchonga, toka.

Mwisho, kofia ya implanti na vinia zijaribiwe mdomoni pamoja kabla ya kugandishwa. Ikiwezekana kofia iwe ya skrubu, ili siku ya tatizo ifunguliwe bila kukatwa. Kisha daktari apime kwa karatasi ya rangi jinsi meno yanavyogusana, na ahakikishe jino la implanti halibebi mzigo kuliko jirani zake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

- Bei uliyonitajia ni ya vinia peke yake, au pamoja na kofia ya implanti, kiunganishi, picha na jaribio?
- Utachonga kiasi gani cha kila jino, na je, ni vinia au ni kofia?
- Una bisibisi na vifaa vya kampuni ya implanti yangu?
- Ni maabara gani itakayotengeneza, na je, kofia na vinia zitatoka kwa fundi mmoja?
- Moja ikimeguka au ikibanduka ndani ya miaka miwili, nani analipa nini?
- Kazi yangu inahitaji miadi mingapi, na siku ngapi kati yake?

Lipa kwa hatua: sehemu baada ya uchunguzi, sehemu wakati wa kuchukua nakala ya meno, na salio baada ya kugandishwa na kuridhika. Anayelipia kwa zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, aipange zamu ilingane na siku ya maabara, asikabidhi bahasha nzima siku ya kwanza. Dai risiti, na dai karatasi inayotaja rangi, aina ya kauri na jina la skrubu. Hiyo ndiyo itakayokuwa kadi yako mpya.

Baada ya kazi, matumizi ni yaleyale ya meno mazuri yoyote, yakiongezwa uangalifu. Chupa ya bia ya Primus ifunguliwe kwa kifungulio. Mifupa na muwa vitafunwe kwa meno ya nyuma. Piga mswaki mara mbili kwa siku, pitisha uzi wa meno au kiburashi chembamba kuizunguka implanti, na mwone daktari kila baada ya miezi sita, hata kama hakuna kinachouma, kwa sababu mfupa unaoizunguka implanti huliwa kimyakimya.

Uamuzi

Kwa mkazi wa Kabondo mwenye implanti moja ya mbele na kipato cha kawaida, anzia kwenye kusafisha na kung'arisha, kisha kadiria upya. Kama bado kuna kasoro, resini kwa meno yaliyomeguka ndiyo inayolingana zaidi na fedha na umbali wetu, na kofia mpya ya implanti ifuate pale tu rangi au urefu wake unapokosana na wenzake. Kauri ichague mwenye enameli nzima, asiyesaga meno, aliyetenga akiba ya matengenezo, na aliyepata daktari wa Kisangani anayeweza kushirikiana na maabara ya Kinshasa. Kofia za meno yote kwa siku tano zikatae, hata zikiwa nafuu. Na kabla ya yote hayo, tafuta leo kadi ya implanti yako. Bila hiyo hakuna bei utakayotajiwa iliyo kamili.